KABLA YA KUNUNUA LORI, NUNUA DAFTARI



Mwezi wa sita unapoingia, vijiji vingi vya Iringa, Njombe, Mbeya na Ruvuma hujaa mahindi. Magunia hupangwa kando ya barabara. Malori huja kuyachukua kuyapeleka mijini.

Tuseme wewe ni dereva. Umeendesha lori la mtu kwa miaka mingi. Kila ukirudi safari unamkabidhi tajiri fedha. Moyoni unasema, "Lori hili lingekuwa langu, fedha zote hizi zingekuwa zangu."

Kutaka kujitegemea ni jambo jema. Lakini fedha unazomkabidhi tajiri si faida yote. Nyingine ni za matairi. Nyingine ni za bima. Nyingine ni za kununua lori jingine siku hili litakapochakaa. Wewe unaziona zikiingia. Huzioni zikitoka.

Somo hili litakufundisha kukadiria mapato na matumizi kabla ya kununua lori. Kukadiria maana yake ni kupima kwa hesabu jambo ambalo bado halijatokea. Ikiwa wewe si dereva, soma pia. Hesabu hii inafaa kwa pikipiki, trekta au mashine ya kusaga.

YALIYOMPATA BABA MDOGO

Baba yangu mdogo alikuwa dereva hodari. Aliuza ng'ombe wake wote na sehemu kubwa ya shamba, akanunua lori lililokwisha tumika. Mwaka wa kwanza nyumba nzima tulifurahi. Watoto tulipata sare mpya za shule. Bati za nyumba zilibadilishwa.

Mwaka wa pili matairi yaliisha karibu yote kwa wakati mmoja. Akiba haikuwapo. Baba mdogo akakopa, akanunua matairi yaliyokwisha tumika. Hayakudumu. Kisha injini ikaharibika. Lori likawekwa juu ya mawe nyuma ya nyumba. Kuku wakawa wanataga ndani yake.

Baba mdogo hakuwa mlevi. Hakupata ajali. Hakuibiwa. Mpaka leo anasema, "Fedha zilikuwa zinaingia. Sijui zilitokea mlango gani." Alirudi kuendesha lori la mtu mwingine. Shamba halikurudi.

Wazee walisema, "Mali bila daftari, hupotea bila habari." Basi chukua daftari na kalamu. Tufanye hesabu pamoja.

Kumbuka jambo moja kabla ya kuanza. Bei zote katika somo hili ni za mfano tu. Bei za kweli utazitafuta mwenyewe, na utaziandika mahali pa hizi.

1. HESABU YA KIJIWENI

Kijiweni madereva huhesabu hivi:

Lori linabeba magunia 100. Nauli ya gunia moja kutoka Iringa hadi Dar es Salaam ni shilingi 15,000. Hiyo ni shilingi 1,500,000. Dizeli ya kwenda na kurudi ni shilingi 975,000. Zinabaki shilingi 525,000.

Safari 4 kwa mwezi ni shilingi 2,100,000.
Miezi 12 ni shilingi 25,200,000.

Lori linauzwa shilingi 50,000,000. Kwa hiyo, wanasema, baada ya miaka 2 lori limejilipa. Mwaka wa tatu ni kula tu.

Kujumlisha kwao hakuna kosa. Kosa ni kwamba mambo mengi hayakuandikwa. Tuyaandike.

2. MATUMIZI YA SAFARI MOJA

Anza na kilomita. Kutoka Iringa hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 500. Kwenda na kurudi ni kilomita 1,000. Kama kijiji chako kiko mbali na barabara kuu, ongeza kilomita za kijijini. Njia mbovu hula mafuta mengi kuliko lami.

Sasa hesabu mafuta. Tuseme lori lenye mzigo linakunywa lita 2 kwa kila kilomita 5. Kilomita 500 zitahitaji lita 200. Lori tupu linakunywa kidogo zaidi, tuseme lita 1 kwa kila kilomita 4. Kilomita 500 zitahitaji lita 125.

Tuseme lita moja ya dizeli ni shilingi 3,000. Bei hii haikai mahali pamoja. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, mamlaka ya nishati na maji, yaani EWURA, hutangaza bei kikomo za mafuta. Sikiliza redio siku hiyo, uandike bei katika daftari lako.

Mafuta si peke yake. Wewe na utingo mtakula na kulala njiani. Ukiwa mwenye lori, tumbo haliachi kudai. Utalipa maegesho na mlinzi wa usiku. Utalipa wapakiaji. Dalali aliyekutafutia mzigo naye anataka chake.

Hebu tuandike safari za aina mbili.

Safari ya kwanza: umekwenda na mzigo, umerudi na mzigo.

Mapato:
Nauli ya kwenda: sh. 1,500,000
Nauli ya kurudi: sh. 800,000
Jumla: sh. 2,300,000

Matumizi:
Dizeli lita 400: sh. 1,200,000
Chakula na malazi, watu 2, siku 4: sh. 120,000
Maegesho, ulinzi na upakiaji: sh. 80,000
Madalali: sh. 100,000
Jumla: sh. 1,500,000

Baki: sh. 800,000

Safari ya pili: umekwenda na mzigo, umerudi tupu.

Mapato:
Nauli ya kwenda: sh. 1,500,000

Matumizi:
Dizeli lita 325: sh. 975,000
Chakula na malazi: sh. 120,000
Maegesho, ulinzi na upakiaji: sh. 55,000
Dalali: sh. 50,000
Jumla: sh. 1,200,000

Baki: sh. 300,000

Angalia vizuri. Barabara ni ile ile. Lori ni lile lile. Lakini safari moja imebakiza shilingi 800,000, na nyingine shilingi 300,000. Tutarudi kwenye jambo hili baadaye.

3. KILA KILOMITA INA DENI LAKE

Ukila ugali leo, unalipa leo. Lakini tairi halidai leo. Linakwisha kidogo kidogo, kila kilomita, wala halisemi. Siku ya kusema, linadai fedha zote mara moja. Hapa ndipo baba mdogo alipoanguka.

Dawa yake ni kulipa deni hilo kila safari, kwa kuweka akiba. Hesabu yake ni hii:

Lori letu lina matairi 6. Tairi moja ni shilingi 600,000. Yote ni shilingi 3,600,000. Tuseme yanadumu kilomita 60,000. Gawa 3,600,000 kwa 60,000. Jibu ni 60. Maana yake, kila kilomita moja unayokwenda, umekula shilingi 60 za matairi.

Fanya vivyo hivyo kwa oili na filta. Tuseme kila kilomita 5,000 unabadilisha kwa shilingi 300,000. Gawa 300,000 kwa 5,000. Jibu ni shilingi 60 kwa kilomita.

Breki, springi, klachi, betri na fundi navyo vina deni. Tuseme ni shilingi 80 kwa kilomita. Lori la zamani linaweza kudai zaidi. Anayeshuka mlima Kitonga na mzigo kila wiki anajua jinsi breki zinavyokwisha.

Sasa jumlisha:

Matairi: sh. 60
Oili na filta: sh. 60
Matengenezo mengine: sh. 80
Jumla kwa kilomita moja: sh. 200

Safari ya kilomita 1,000 ina deni la shilingi 200,000. Fedha hizo si zako. Ni za lori. Ukirudi safari, ziweke akiba siku hiyo hiyo, benki au katika chama cha kuweka na kukopa. Usizichanganye na fedha za nyumbani. Fedha zikichanganyika hazina alama. Utashtukia tairi limeliwa kama kitoweo.

Baada ya kuweka akiba hiyo:

Safari yenye mzigo wa kurudi inabakiza sh. 600,000.
Safari ya kurudi tupu inabakiza sh. 100,000.

Shilingi 100,000 ni kidogo mno. Tazama: dizeli ikipanda kwa shilingi 300 tu kwa lita, lita 325 zitaongeza shilingi 97,500. Utabaki na shilingi 2,500 kwa safari ya siku 4. Hiyo haitoshi hata kununua lita moja ya dizeli.

4. LORI LILILOLALA LINAKULA

Kuna matumizi ambayo hayajali kama umesafiri au umekaa. Mvua ikinyesha yapo. Ukiugua yapo. Hesabu yake ni ya mwaka mzima.

La kwanza ni bima, leseni na kodi. Lori la biashara linahitaji leseni ya usafirishaji kutoka LATRA, mamlaka iliyoanzishwa mwaka 2019 kusimamia usafiri wa nchi kavu. Unahitaji pia namba ya mlipa kodi kutoka TRA, na kodi ya mapato utalipa. Ada ya zamani ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, na ushuru wa mafuta ukaongezwa. Kwa hiyo usiihesabu mara mbili. Imo ndani ya bei ya dizeli.

Bima ina aina zake. Bima ya lazima humlipa mtu mwingine uliyemgonga au uliyemharibia mali. Hailipi lori lako. Lori likipinduka, wewe unabaki na mabati. Bima kubwa hulipa na lori lako, lakini ada yake ni kubwa zaidi. Kabla ya kulipa, mwombe wakala akueleze kwa Kiswahili bima ile inalipa nini na hailipi nini. Usione haya kuuliza mara mbili.

La pili ni mshahara wa utingo.

La tatu ni mshahara wako mwenyewe. Wengi hawauandiki. Husema, "Mimi ndiye mwenye lori, nitajilipa kwa faida." Hilo ni kosa. Sasa hivi tajiri anakulipa, tuseme shilingi 400,000 kwa mwezi. Ukiacha kazi yake, mshahara huo unaupoteza. Kwa hiyo lori lako lazima likulipe kwanza kama lingemlipa dereva mwingine. Kinachobaki baada ya hapo ndiyo faida.

La nne ni uchakavu. Fikiria jembe. Unanunua jembe jipya. Kila msimu linapungua kidogo, mpaka linabaki kama kijiko. Lori nalo ni hivyo. Tuseme umelinunua shilingi 50,000,000. Baada ya miaka 8 utaliuza shilingi 10,000,000. Zimepotea shilingi 40,000,000. Gawa kwa miaka 8. Kila mwaka umekula shilingi 5,000,000 za lori. Usipoziweka, mwaka wa nane huna lori wala fedha.

Sasa tujumlishe matumizi ya mwaka:

Bima ya lazima, leseni, kodi na ada: sh. 1,800,000
Utingo, sh. 150,000 mara miezi 12: sh. 1,800,000
Dereva, sh. 400,000 mara miezi 12: sh. 4,800,000
Uchakavu: sh. 5,000,000
Jumla: sh. 13,400,000

5. MWAKA UNA SAFARI NGAPI?

Kijiweni walisema safari 4 kila mwezi, mwaka mzima. Je, ni kweli?

Mkulima anajua kwamba mwaka hauendi sawasawa. Wakati wa mavuno mizigo ni mingi. Mvua zikianza, mahindi yamekwisha ghalani na njia za vijijini zina matope. Lori linakwama. Wakati mwingine unakaa siku tano mjini ukingoja mzigo. Siku nyingine lori liko gereji, au wewe mwenyewe unaumwa.

Basi tuseme hivi:

Miezi 6 ya mavuno, safari 4 kila mwezi: safari 24
Miezi 6 mingine, safari 2 kila mwezi: safari 12
Jumla ya mwaka: safari 36

Katika safari hizo 36, tuseme umepata mzigo wa kurudi mara 12 tu. Mara 24 umerudi tupu.

Safari 12 mara sh. 600,000: sh. 7,200,000
Safari 24 mara sh. 100,000: sh. 2,400,000
Jumla: sh. 9,600,000

Toa matumizi ya mwaka, sh. 13,400,000.

Umepata hasara ya shilingi 3,800,000.

Soma tena mstari huo. Kijiweni walisema utapata shilingi 25,200,000. Daftari linasema utapata hasara.

6. KWA NINI HASARA HAIONEKANI?

Utauliza, "Mbona wenye malori wanaonekana wana fedha?"

Jibu ni hili. Katika mfano wetu, ukilipa dizeli, chakula, maegesho, madalali, utingo, bima, leseni na kodi, mkononi mwako zitabaki shilingi 13,200,000 kwa mwaka. Ni fedha nyingi. Ndizo zilizonunua bati na sare za shule nyumbani kwa baba mdogo.

Lakini zina wenyewe:

Shilingi 7,200,000 ni za matairi, oili na matengenezo.
Shilingi 5,000,000 ni za uchakavu wa lori.
Shilingi 1,000,000 tu ndizo zako.

Shilingi milioni moja kwa kazi ya mwaka mzima! Kwa tajiri ungepata shilingi 4,800,000, na matairi si juu yako. Mtu anayekula shilingi zile 13,200,000 zote anakula lori lenyewe, kipande kwa kipande. Hajui mpaka siku litakaposimama.

7. FAIDA IKO NJIA YA KURUDI

Usikate tamaa, ndugu msomaji. Daftari halikuandikwa ili likuzuie. Limeandikwa ili likuonyeshe pa kurekebisha.

Badilisha jambo moja tu. Tuseme mzigo wa kurudi umeupata mara 24, na umerudi tupu mara 12.

Safari 24 mara sh. 600,000: sh. 14,400,000
Safari 12 mara sh. 100,000: sh. 1,200,000
Jumla: sh. 15,600,000
Toa matumizi ya mwaka: sh. 13,400,000
Faida: sh. 2,200,000

Hasara imegeuka faida. Lori halikubadilika. Nauli haikupanda. Kilichobadilika ni mzigo wa kurudi.

Kwa hiyo, kabla ya kununua lori, usiulize tu, "Nitapeleka nini?" Uliza pia, "Nitarudi na nini?" Zungumza na wenye maduka ya wilaya yako. Nani analeta saruji, bati, chumvi na sabuni? Nani analeta mbolea? Mbolea nyingi hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam, na wakulima wa nyanda za juu kusini huihitaji kabla ya mvua. Chama cha ushirika cha kijiji chako kinaisafirisha kwa lori la nani? Mtu akikuahidi mzigo, mwambie aandike kiasi na nauli. Ahadi ya mdomo haijazi tangi.

8. MIZANI HAIDANGANYWI

Dereva mwingine husema, "Nitaongeza magunia nipate zaidi." Hapo anaitafuta hasara.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina sheria moja ya uzito wa magari, ya mwaka 2016. Kwa sheria hiyo, ekseli ya mbele inayoongoza haitakiwi kubeba zaidi ya tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne haitakiwi kuzidi tani 10. Kwa hiyo lori la ekseli mbili lisizidi tani 18, pamoja na uzito wa lori lenyewe. Na kama mtengenezaji wa lori ameweka kikomo cha chini zaidi, fuata chake, kwa sababu ndicho springi na breki zinachokiweza.

Sasa fikiria lumbesa. Umehesabu magunia 100 ya kilo 100. Hizo ni tani 10. Lori tupu lina tani 7. Jumla ni tani 17. Uko salama. Lakini kama magunia yameshonewa lumbesa na kila moja lina kilo 120, umebeba tani 12. Jumla ni tani 19. Umefika mizani ya Mikese au Vigwaza, umezidisha. Utatozwa, na safari itachelewa. Nauli umepokea ya magunia 100, ila adhabu ni yako. Na matairi, springi na breki vimeumia bure.

Basi pima gunia kabla ya kupakia. Usihesabu magunia tu, hesabu kilo.

Faini nazo ziandike katika makadirio. Barabara hii inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Anayegonga mnyama hulipa. Mwendo wa pole hauna gharama.

9. UKIKOPA

Wengi hawana shilingi 50,000,000. Tuseme una 30,000,000 na umekopa 20,000,000. Mkopeshaji anataka shilingi 1,000,000 kila mwezi kwa miezi 24. Utalipa jumla ya shilingi 24,000,000. Hizo 4,000,000 zilizozidi ni riba, nayo ni matumizi. Iandike.

Lakini tatizo kubwa la mkopo ni kwamba haujui mvua. Tazama mwezi mmoja wa mvua. Umepata safari 2. Moja ina mzigo wa kurudi, moja haina.

Baki ya safari mbili, baada ya akiba ya lori: sh. 700,000
Toa mshahara wa utingo: sh. 150,000
Inabaki: sh. 550,000
Rejesho la mkopo: sh. 1,000,000
Upungufu: sh. 450,000

Na hapo wewe na watoto hamjala. Utafanya nini? Utachukua akiba ya matairi. Mwezi unaofuata utaichukua tena. Sasa umeanza njia aliyopita baba mdogo.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, uliza mambo manne. Nitalipa jumla ya shilingi ngapi? Nitalipa lini na lini? Je, ninaweza kulipa zaidi wakati wa mavuno na kidogo wakati wa mvua? Nikishindwa, mtachukua nini? Ikiwa jibu la swali la mwisho ni shamba au nyumba, basi si uamuzi wa mtu mmoja. Kaa na mwenzako wa nyumbani na watoto wakubwa. Soma daftari kwa sauti. Wote wasikie.

10. FANYA HIVI KABLA YA KUNUNUA

Kwanza, andika safari zote unazoendesha sasa kwa miezi mitatu. Andika kilomita, lita, nauli, faini, siku za kungoja na matengenezo. Hapo utapata bei za kweli bila kupoteza senti moja. Kama inawezekana, andika mwaka mzima ili uone na mvua.

Pili, waulize wenye malori watatu. Mmoja anayeendelea vizuri, mmoja anayesuasua, na mmoja aliyeacha. Huyo aliyeacha ndiye mwalimu mkubwa.

Tatu, mpeleke fundi unayemwamini akakague lori kabla ya kulipa. Hakikisha kadi ya gari ni halali na lori halina deni.

Nne, usimalize fedha zote kwa kununua lori. Bakiza fedha za bima, leseni, mafuta ya safari za kwanza, na matairi. Lori lisilo na mafuta ni banda tu.

Tano, fanya hesabu mara tatu. Mara ya kwanza weka bei unazotegemea. Mara ya pili weka dizeli ikiwa imepanda. Mara ya tatu weka safari zikiwa zimepungua. Ikiwa hata hesabu ya tatu hukosi chakula, nenda kanunue. Ikiwa hesabu ya kwanza tu ndiyo nzuri, ngoja.

Kungoja si aibu. Endelea na kazi, weka akiba, tafuta wateja wa njia ya kurudi. Au ungana na wenzako mnaoaminiana, mpunguze mkopo. Mwaka mmoja wa kungoja ni mfupi kuliko miaka kumi ya kulipia lori lililo juu ya mawe.

Daftari halina gharama kubwa. Hasara ya kwenye karatasi unaifuta kwa kifutio. Hasara ya barabarani hufutwa kwa shamba.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Baba mdogo alikosea wapi? Angefanya nini mwaka wa kwanza?
2. Kwa nini dereva mwenye lori lake aandike mshahara wake kama matumizi?
3. Taja matumizi matatu ya lori ambayo hayaonekani siku ya safari.
4. Katika kijiji chetu, lori linaweza kurudi na mizigo gani kutoka mjini? Katika miezi gani?

ZOEZI

1. Matairi 6 yanauzwa shilingi 500,000 kila moja. Yanadumu kilomita 50,000. Kila kilomita ina deni la shilingi ngapi?
2. Safari ni ya kilomita 800. Uweke akiba ya matairi shilingi ngapi?
3. Pikipiki imenunuliwa shilingi 3,000,000. Baada ya miaka 4 itauzwa shilingi 1,000,000. Uchakavu wa mwaka mmoja ni shilingi ngapi?

Majibu: (1) Shilingi 60. (2) Shilingi 48,000. (3) Shilingi 500,000.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mapato: fedha zote zinazoingia.
Matumizi: fedha zote zinazotoka, hata zile zitakazotoka baadaye.
Faida: kinachobaki baada ya kutoa matumizi yote.
Hasara: upungufu, matumizi yakizidi mapato.
Uchakavu: thamani inayopotea kwa sababu chombo kinazeeka.
Rejesho: fedha unazolipa kila kipindi kurudisha mkopo.
Riba: fedha za ziada anazodai mkopeshaji.